Lundo Kwanza, Mchoro Baadaye

Katika vyuo vya sanaa, katika kamati zinazogawa ruzuku na hata katika kurasa za utamaduni za magazeti, imejengeka dhana ambayo imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena anayeidai ushahidi, nayo ni kwamba kazi ya sanaa iliyo makini huanza na wazo lililokamilika, wazo hilo huandikwa na kuchorwa, kisha ndipo vifaa hutafutwa ili kulitimiza. Kwa kipimo hicho, msanii anayeanza kwa kuokota, anayejaza karakana yake vifuniko, mabati, waya na mbao zilizoungua bila kujua vitamfikisha wapi, huhesabiwa kuwa mtu wa kubahatisha. Na kazi yake ikitokea kuwashika watazamaji, sifa hupewa bahati, au hutafutiwa utetezi kutoka nje ya sanaa yenyewe, hasa ule wa kwamba imesaidia kupunguza taka mjini. Makala haya yanapinga nusu zote mbili za dhana hiyo. Yanashikilia kwamba kuamua kwa hisi mbele ya kitu kilichookotwa ni namna ya kufikiri yenye masharti, kumbukumbu na hukumu zake, na kwamba anayemlazimisha msanii wa aina hii kuleta mchoro kwanza hamfanyi awe makini zaidi bali anamnyima mahali pa kufikiria.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa mapema, kwa sababu sehemu ya mkanganyiko inatokana na kuchanganya mambo yanayofanana kwa sura tu. Sanaa ya usimikaji ni ile ambayo kazi haitundikwi kama picha moja wala kuwekwa juu ya kitako kama sanamu moja, bali hukalia nafasi, iwe chumba, ukuta mzima au uwanja, hata mtazamaji akawa ndani yake au akalazimika kuizunguka. Inapoundwa kwa vitu vya asili mbalimbali, kama vile chuma, nguo, karatasi, udongo na mwanga, huitwa ya maunzi mseto. Vitu vya kuokota ni vile vilivyokwisha kutengenezwa na kutumika kwa shughuli nyingine kabla havijamfikia msanii, na si lazima msanii ainame jalalani kuvipata, kwa kuwa vingi hununuliwa kwa wauza vyuma chakavu au hupokelewa kutoka kwa majirani. Hisi, kwa maana inayotumika hapa, ni uamuzi unaomfikia mtu ukiwa umeshaiva kabla hajaweza kuutolea sababu kwa maneno. Ndilo jambo ambalo mitaani husemwa kwamba machale yamemcheza mtu. Ni vyema pia kuutenga mkondo huu na ule wa Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 huko New York aliwasilisha sinki la kukojolea kama kazi ya sanaa, kwani Duchamp alisisitiza baadaye kwamba vitu vya namna hiyo alivichagua kwa kutoijali sura yake, pasipo kuvutiwa wala kuchukizwa nayo. Wanaokusanya vifaa kwa hisi wanafanya kinyume kabisa: wanavutwa, na mvuto huo ndio mwanzo wa kazi. Mhakiki anayewatia wote katika kapu moja kwa sababu tu wametumia vitu ambavyo hawakuvitengeneza wenyewe hajaanza kuhakiki.

Haifai kuibishia dhana hii katika sura yake dhaifu. Sura yake yenye nguvu ilitolewa na msanii Mmarekani Sol LeWitt katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu sanaa ya dhana, yaani sanaa ambayo uzito wake uko kwenye wazo kuliko kwenye kitu, ambamo alieleza kwamba maamuzi yote hufanywa mapema na utekelezaji unabaki kuwa shughuli ya kukamilisha tu. LeWitt aliiishi kanuni yake: michoro yake ya ukutani ilitolewa kama maagizo, ikachorwa na mikono ya watu wengine, na maagizo yaleyale yanaendelea kutekelezwa baada ya kifo chake cha mwaka 2007. Hapo hapana ugomvi. Ugomvi unaanza pale ambapo njia ya mtu mmoja, iliyofaa sana kwa mistari ya penseli juu ya ukuta mweupe, inapochukuliwa na walimu na wagawa ruzuku na kugeuzwa kuwa sheria ya kila mtu. Penseli na ukuta mweupe havina ubishi, na hukubali karibu kila kinachoamriwa. Kifuniko cha chupa kilichopondwa na gari hakikubali.

Mfano unaoweza kubeba uzito wote wa ubishi huu ni El Anatsui, mchongaji aliyezaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, akasomea sanaa Kumasi, na kuanzia mwaka 1975 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria kilichoko Nsukka kwa zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na Nsukka, alikuta mfuko uliotupwa kichakani ukiwa umejaa vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali pamoja na pete zinazobaki shingoni mwa chupa baada ya kifuniko kuzungushwa. Aliuchukua, akauweka karakanani, na ukakaa hapo kwa miezi kabla ya kupata matumizi. Kipindi hicho ndicho ambacho dhana ya mchoro kwanza haina pa kukiweka, kwa kuwa katika hesabu zake muda usio na mchoro wala kitu kinachoundwa ni muda wa uvivu, wakati ukweli ni kwamba kifaa kilichokaa mbele ya macho ya mtu anayejua kutazama kinaendelea kufanyiwa kazi hata kama hakijaguswa.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Alumini ya kifuniko ni nyembamba kiasi cha kukatwa kwa mkasi na kunyooshwa kwa vidole, lakini alama ya mkunjo uliokwisha kutiwa haifutiki. Kipande kikifunuliwa na kubanwa kikawa bapa, kinatoa utepe wenye jina la kinywaji. Kikisokotwa, kinakuwa kama kamba fupi. Pete ya shingoni ikiachwa ilivyo, inatoa tundu linalopitisha mwanga na kuonyesha ukuta ulioko nyuma. Kikipondwa, kinajikusanya kuwa donge linalong'aa pande zote. Kila kipande hutobolewa pembeni na kufungwa na mwenzake kwa waya mwembamba wa shaba. Vipande hivyo, kimoja kimoja, ni vigumu na vina makali yanayokata kidole, ila vikiungwa kwa maelfu hulegea kwa pamoja, kwa sababu kila kifundo cha waya ni bawaba ndogo, na kitu kizima kikiinuliwa kinaning'inia kwa mikunjo kama kitambaa kizito. Mchoro wa penseli ungeweza kuonyesha mpangilio wa rangi, lakini usingeweza kuutabiri ulegevu huo, maana ulegevu haumo katika kifuniko wala katika waya, umo katika kuungana kwao. Ulipatikana mikononi, na ulipopatikana ulibadilisha swali zima, kwa kuwa kazi iliacha kuwa sanamu ya chuma yenye umbo moja ikawa kitu kinachopata umbo upya kila kinapotundikwa.

Utaratibu uliokua karakanani Nsukka kutokana na ugunduzi huo hauna dalili yoyote ya kulipua kazi. Wasaidizi huunga vipande kuwa mabamba, kila bamba likiwa na ufumaji wake; mabamba hutandazwa sakafuni; Anatsui huyazunguka, huagiza hili lisogezwe na lile ligeuzwe, huyapiga picha kutoka juu, hulinganisha, hutengua, na ni baada ya kuridhika tu ndipo mabamba huunganishwa moja kwa moja. Rangi haipakwi. Nyekundu, njano, nyeusi, fedha na dhahabu zinatoka kwa watengenezaji wa pombe, hivyo kile anachoweza kupata kinategemea kile kinachonyweka Nigeria, na mtu anayedhani kwamba hisi ni uhuru usio na mipaka afikirie hali ya mtunga rangi ambaye kisanduku chake cha rangi kinaamuliwa baa. Kisha, kazi ikifika kwenye jumba la makumbusho, Anatsui kwa kawaida haambatanishi maagizo ya mikunjo: waliopewa jukumu la kuitundika wanalazimika kuamua wenyewe itakunjwa wapi na itaachiwa wapi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kazi zilizozaliwa kwa mfuko wa kichakani ziliweza kuning'inizwa Venice mwaka 2007, ndani ya Arsenale na mbele ya jumba la Palazzo Fortuny, na kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 zikajaza ukumbi mkubwa wa Turbine wa Tate Modern, London. Katikati ya hapo, mwaka 2015, maonyesho ya Venice yalimtunuku Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake yote. Tuzo hazithibitishi hoja, na wapo waliotuzwa bila kustahili. Hata hivyo, bahati inayodumu kwa robo karne inastahili kutafutiwa jina jingine.

Watetezi wa mchoro kwanza wana jibu, nalo ni kwamba kuukuta ule mfuko kulikuwa bahati tupu, na kwamba kila kilichofuata kilitegemea bahati hiyo. Jibu hili linasahau kwamba vifuniko vya pombe vilikuwa vimetapakaa Afrika Magharibi kwa miongo mingi, vikikanyagwa na watu wengi wakiwemo wasanii wengi. Linasahau pia kilichotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa Winneba, Anatsui alikuwa akichukua sinia za mbao ambazo wanawake wa sokoni hupangia bidhaa na kuzichoma alama kwa chuma cha moto. Baadaye katika muongo huo akaunda vyungu vilivyovunjika kwa makusudi, akiunga vipande vya udongo. Katika miaka ya 1980 akawa anakata mbao kwa msumeno wa mashine na kuzipanga bapa kwa bapa ubavuni kwa ubavu, zikiwa huru kupangwa upya. Na kabla tu ya vifuniko alishughulika na mabati ya kukwaruzia muhogo na mifuniko ya makopo ya maziwa. Katika yote hayo swali lilikuwa lilelile: vipande vilivyochakazwa na matumizi ya watu vinawezaje kuwa kitu kimoja bila kuacha kuwa vipande? Mfuko ulimkuta mtu aliyekuwa na karibu miaka 30 ya kuuliza swali hilo kwa mikono. Wapo pia wanaojaribu kuurudisha mpango kwa mlango wa nyuma, wakikumbusha kwamba baba yake alikuwa mfumaji wa kente na kuhitimisha kwamba alikusudia tangu awali kufuma kente ya chuma. Mwenyewe hakukataa undugu huo, na kazi za mwanzo za mkondo huu zilipewa majina yanayotaja nguo. Lakini ulinganifu unaoonekana baada ya kazi kukamilika si ushahidi wa kusudio lililokuwapo kabla ya kazi kuanza, na mhakiki anayebadilisha mpangilio wa matukio ili yalingane na kanuni yake ameacha uhakiki akaingia katika kupiga ramli ya kinyumenyume.

Je, hisi ni kitu cha kuaminika? Swali hili si la wasanii peke yao, na waliolichunguza kwa makini zaidi ni wanasaikolojia. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliieleza hisi ya bingwa kuwa ni utambuzi tu: mcheza sataranji hodari haoni uwanja wa vipande 32, anaona mafungu aliyokwisha kuyakuta maelfu ya mara, na fungu likitambuliwa jibu lake huja pamoja nalo. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, mmoja akijulikana kwa kuonyesha jinsi hisi inavyodanganya na mwingine kwa kuonyesha jinsi wazima moto wanavyookoa maisha kwayo, walichapisha makala ya pamoja ambamo walikubaliana juu ya masharti mawili: hisi huaminika pale mazingira yanapokuwa na mwenendo wa kawaida unaoweza kujifunzwa, na pale mtu anapopata nafasi ya kujifunza kwa muda mrefu huku akipewa majibu ya haraka na yaliyo wazi kuhusu makosa yake. Karakana ya msanii wa vitu vya kuokota inatimiza masharti haya vizuri kuliko ofisi nyingi za wanaoihukumu. Waya uliovutwa kupita kiasi hukatika papo hapo. Bati lililokunjwa mara tatu mahali pamoja huchanika, na bamba zito likifungwa juu ya jepesi huliburuta chini mbele ya macho ya aliyelifunga. Kinyume chake, mjumbe wa kamati anayeidhinisha mchoro leo huona kazi iliyokamilika baada ya mwaka au haioni kabisa, na hapati jibu lolote kuhusu ubora wa uamuzi wake. Kwa masharti ya Kahneman na Klein, hisi ya kuhofiwa ni ya mjumbe huyo.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ubishi huu ungepaswa kuwa umekwisha zamani. Mafundi wa majahazi wa Lamu, Unguja na Pemba, sawa na wenzao wa Sur huko Oman, waliunda vyombo vya kuvuka bahari bila michoro ya kitaalamu, wakipima kwa jicho, kwa kamba na kwa mkono, na mti uliopinda porini ulichaguliwa kwa sababu mpindo wake ulikuwa tayari taruma la jahazi. Hakuna abiria aliyewahi kusema kwamba chombo kilichomfikisha salama kiliundwa kwa kubahatisha. Bara nako, wachongaji wa Kimakonde wa mtindo wa shetani hufuata mpingo unavyokwenda, kwa tawi, kifundo na uwazi wake, na sura hutokea pale ambapo ukuni umeruhusu. Yeyote anayekubali kwamba hayo ni maarifa, kisha akayakatalia maarifa hayohayo kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayeunda usimikaji kwa nyaya za simu na mabati ya paa, anapaswa kueleza tofauti iko wapi. Kwa kawaida tofauti inayobaki ni kwamba jahazi na kinyago vina umri wa kuheshimiwa, na huko ni kupima nasaba, si kupima akili.

Nusu ya pili ya dhana inayopingwa hapa, ile ya kuitetea kazi kwa taka ilizopunguza, inaonekana ya kirafiki, na ndiyo maana inadhuru zaidi. Mwaka 2018 huko Lamu lilizinduliwa FlipFlopi, jahazi lililoundwa na timu ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyorejelewa, kiasi cha tani 10, na kuvishwa maelfu ya kandambili za rangi zilizookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Lengo lake lilikuwa hasa kupaza sauti dhidi ya taka za baharini, na lilitimia kwa heshima zote. Lakini vyombo vingi vya habari vilizijaza habari zake kwa tani na idadi ya kandambili, na jambo lililokuwa gumu kuliko yote likapita bila kutajwa: plastiki haina nyuzi kama mbao, haifuati kanuni ya msumari na mkunjo aliyorithi fundi, kwa hiyo mafundi waliozoea mti walilazimika kujifunza upya mwenendo wa kifaa huku wakiwa kazini. Miwani ya Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayeiunda kwa waya, vijiko na masalia ya vyombo vya umeme aliyoyaokota mtaani, hupata maelezo ya aina hiyohiyo: huelezwa ilitoka katika taka gani, na ni nadra kuelezwa kwa nini kijiko kimekaa juu ya jicho la kushoto na si la kulia. Kama uzito wa taka ndio kipimo, basi mnunuzi wa vyuma chakavu anayejaza kontena kila wiki na kulipeleka kwenye tanuri ni msanii mkubwa kuliko wote waliotajwa hapa, na makumbusho yampigie simu.

Tena utetezi wa urejelezaji unadhania kwamba kitu kikishaokotwa historia yake imefutwa, kikabaki malighafi. Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu fikra za jamii zilizodharauliwa kuwa za kishenzi, alimlinganisha mhandisi na fundi wa kuungaunga, na akabainisha kwamba vifaa vya huyu wa pili vinakuja vikiwa tayari na maana na mipaka kutokana na matumizi yaliyopita. Alikuwa sahihi, na hakuna mahali ambapo usahihi huo umeonekana kwa ukali zaidi kuliko Watts, mtaa wa watu weusi mjini Los Angeles. Agosti 1965, katika ghasia, mtaa huo uliwaka kwa siku 6, watu 34 wakafa, na sehemu ya biashara ikabaki majivu. Noah Purifoy, mzaliwa wa Alabama wa mwaka 1917 aliyekuwa na shahada ya kazi za jamii na nyingine ya sanaa, alikuwa akiongoza kituo cha sanaa kilichokuwa karibu na ile minara ya Watts, ambayo Simon Rodia, mhamiaji wa Kiitaliano, aliijenga peke yake kuanzia mwaka 1921 hadi 1954 kwa vyuma, saruji, vigae na vipande vya chupa. Purifoy na mwenzake Judson Powell walikusanya tani 3 hivi za masalia ya moto, na kwa muda walikaa nayo bila kujua yatakuwa nini.

Waliokuwa wakisubiri mchoro wangesubiri sana. Kilichotokea mwaka 1966 ni maonyesho ya kazi 66, yaliyofunguliwa katika shule moja ya Watts kabla ya kuzunguka vyuo vikuu, ambamo mbao zilizokuwa mkaa, mashine zilizopinda na mabaki ya mabango ya neon yaliyoyeyuka yaliunganishwa na wasanii kadhaa. Mabaki hayo yaliyeyuka yakawa na umbo ambalo hakuna mkono ulioliamua, na kazi ya msanii haikuwa kulibuni bali kulitambua, kuamua ni lipi lina neno na lipi halina, kisha kuliweka mahali ambapo neno hilo litasikika bila kulifasiri kupita kiasi. Mchoro uliotangulia ungekuwa si tu usiowezekana, ungekuwa ufidhuli, kwa maana ungekuwa umeshajua moto ulisema nini kabla ya kuyatazama masalia yake. Purifoy alirudi kwenye njia hiyohiyo mwaka 1989, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alipohamia jangwani Joshua Tree na kusimika kazi kubwa za vitu vya kuokota kwenye eneo la ekari 10 hadi kifo chake mwaka 2004. Jua na upepo wa jangwa viliendelea kuzila, naye aliliacha hilo litokee.

Kuna kisa kimoja cha Ulaya ambacho wapenzi wa mchoro wangefaa kukitafakari. Kurt Schwitters, nyumbani kwake Hannover, Ujerumani, kuanzia miaka ya 1920 aliijaza karakana yake mbao, plasta na vitu vya kuokota hadi kukawa na pango la kuta zenye pembe na vijipango vya siri, na kazi hiyo iliyojulikana kama Merzbau ikaendelea kukua na kuingia vyumba vingine hadi alipokimbilia Norwei mwaka 1937. Bomu liliiteketeza mwaka 1943. Miaka ya 1980 jumba la makumbusho la Sprengel mjini humo lilipotaka kuirudisha, mbunifu wa majukwaa Peter Bissegger ilimbidi akokotoe vipimo kutoka picha chache zilizopigwa mwaka 1933, na hivyo mchoro kamili wa chumba hicho ukapatikana takriban nusu karne baada ya chumba chenyewe. Nakala ni ya kuheshimika. Lakini kitu ambacho imeshindwa kukinakili, kwa kuwa ina mchoro, ni kuendelea kukua.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kila lundo lililopangwa kwa hisi ni sanaa. Zipo kazi nyingi za vitu vya kuokota zilizo dhaifu, na sababu ya udhaifu wake inafahamika: hisi ikizoea ushindi mmoja hugeuka mazoea, mkono ukaanza kurudia ulichokwisha kusifiwa, na msanii akaita mvuto kile ambacho ni uvivu wa jicho. Kitu chenye kutu kina mvuto wa bure ambao haukulipiwa na yeyote, na wapo wanaoishi kwa mvuto huo. Pia yapo mambo ambayo lazima yachorwe na kukokotolewa: dari litabeba kilo ngapi, nyaya za umeme zitapita wapi, mtoto akivuta kipande nini kitaanguka. Na wapo wasanii wa vitu vya kuokota ambao mpango ndio moyo wa kazi yao, kama Romuald Hazoumè wa Benin, aliyepanga vinyago vya madumu ya petroli kwa kufuata mchoro wa karne ya 18 wa meli ya watumwa ya Brookes, na ambaye bila mchoro huo kazi yake isingekuwapo. Hakuna anayeomba mchoro upigwe marufuku. Kinachokataliwa ni kuufanya tiketi ya kuingilia.

Pingamizi la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya huzuni na watu wenye nia njema, ni kwamba hisi haifundishiki wala haipimiki, na kwamba chuo au mfuko wa fedha za umma hauwezi kufanya kazi na kitu kisichopimika. Nsukka inajibu sehemu ya kwanza, kwa kuwa Anatsui alifundisha huko miaka yote hiyo, na vijana wanaounga vifuniko karakanani mwake hujifunza kwa vidole tofauti ya kifundo kinachoachia na kinachokaba, jambo ambalo ni mtaala hata kama halikuandikwa. Sehemu ya pili inajibika kwa kubadilisha kinachoombwa. Badala ya mchoro wa kazi ambayo haijazaliwa, kamati iombe kuona lundo lenyewe, majaribio matano au kumi yaliyoshindwa yakiwa yamewekwa kwa mpangilio wa tarehe, na hasa vitu ambavyo msanii alivileta karakanani, akakaa navyo, kisha akavitoa nje. Mwenye hisi ya kweli anaweza kusimama mbele ya vilivyokataliwa na kueleza, kimoja baada ya kingine, kwa nini havikufaa, japo bado hajui vilivyobaki vitakuwa nini. Anayebahatisha hatakuwa na kitu cha kuonyesha upande huo, kwa sababu yeye kila alichookota amekitumia.